Barua ya Udahili Si Cheti cha Utu Uzima

Mwezi wa kumi ukikaribia, vyuo vikuu vikijiandaa kufungua, wazazi wengi huanza kuambiana sentensi ile ile: "Huyu sasa ni mtu mzima, mimi kazi yangu nimemaliza." Utaisikia kwenye kikao cha harusi, kwenye foleni ya benki, nje ya msikiti baada ya Ijumaa na nje ya kanisa baada ya ibada. Husemwa kwa fahari, na wanaosikiliza hutikisa vichwa kukubali. Husemwa na watu wema kabisa, waliouza ng'ombe na kukopa vikoba ili mtoto afike hapo. Hata hivyo ni uongo, na unawagharimu vijana wetu muhula wa kwanza. Wengine unawagharimu chuo chenyewe.

Hebu tumtazame huyo mtu mzima. Mwezi Mei alikuwa bweni akifanya mtihani wa kidato cha sita. Kengele ilimwamsha saa kumi na moja alfajiri, mwalimu wa zamu akamhesabu paredini, ugali na maharage vikaja kwa ratiba, na saa moja usiku kengele nyingine ikampeleka prepo. Kutoka nje ya geti alihitaji karatasi yenye saini. Kukutwa na simu lilikuwa kosa la kurudishwa nyumbani. Fedha aliyoishika ilitosha sabuni, kalamu na maandazi. Kama baada ya mtihani alikwenda JKT, miezi ile mitatu nayo aliamshwa kwa filimbi na kulala kwa amri.

Novemba anashuka kwenye basi Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam, na hakuna tena kengele. Asipoingia darasani hakuna anayeuliza. Ukumbi una mamia ya wanafunzi na mhadhiri hajui hata jina lake. Usiku kucha ni wake, simu ni yake, na fedha ya kula ya wiki nyingi inaingia kwa siku moja. Kati ya Mei na Novemba, nani alimfundisha kuishi hivyo? Barua ya udahili inathibitisha kwamba alifaulu masomo yake. Haithibitishi kitu kingine.

Hapo ndipo wazee wetu hukohoa kidogo na kusema: "Mbona sisi tulipanda treni na sanduku la bati, hakuna aliyetusindikiza, na tukamaliza?" Kumbukumbu hiyo ni kweli nusu. Nusu iliyosahaulika ni kwamba walilelewa na Serikali. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa miaka ya 1970 alikuta chumba kinamsubiri, kafeteria inapika, ada imelipwa na posho ipo. Sera ya wazazi na wanafunzi kuchangia gharama ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo mzigo umekuwa ukihamia nyumbani hatua kwa hatua. Anayejisifu kwamba hakubebwa, alibebwa na taifa zima.

Kuna jambo la pili ambalo wazee hao hawalitaji. Wengi wao waliingia chuo wakiwa watu wazima kweli. JKT ya wakati ule haikuwa ya miezi mitatu, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, kwa muda usiopungua miaka miwili, kabla ya kuomba chuo kikuu. Aliyeingia Mlimani mwaka 1979 mara nyingi alikuwa ameshalala kambini, ameshapokea mshahara, ameshagombana na bosi, na pengine ana mke na mtoto. Kumlinganisha huyo na kijana wa miaka 19 aliyetoka bweni juzi ni kumwonea kijana. Utaratibu uliowafanya wale kuwa watu wazima tuliuondoa, lakini jina la mtu mzima tumeendelea kuligawa bure.

Wengine wanasema: "Ana mkopo, Bodi itamlea." Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili ikopeshe, na inakopesha. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wote wanaiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Ukitoa chumba, nauli ya daladala, bando na kutoa kopi, kinachobaki kwenye sahani unaweza kukikadiria mwenyewe. Tena bumu haliji siku ya kwanza. Kijana anafika, anajisajili, analipia bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, anasubiri majina yatoke, anasaini, anasubiri tena. Wiki hizo anakula nini? Wanafunzi wana jibu, wanaliita pasi ndefu: chai ya saa nne inarushwa hadi wali wa saa kumi jioni, na mlo wa usiku ni kulala. Na huyo ni aliyepata mkopo. Aliyekosa, au aliyepewa sehemu tu ya ada, anaanza na deni ambalo hata nyumbani hajalitaja.

Nani anamwokoa katika wiki hizo? Mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili anayembeba, maana yake analala naye kitanda kimoja hosteli bila uongozi kujua. Wakati mwingine ni programu ya simu inayokopesha papo hapo kisha kumpigia kila mtu aliye kwenye orodha yake ya namba akichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kutangaza programu 69 za namna hiyo zinazofanya kazi bila leseni. Kwa binti, mara nyingi ni mwanaume mwenye chumba. Wenye nyumba jirani na vyuo hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Binti hana, mwanaume anayo, na maisha ya kinyumba yanaanza kwa sababu ya kodi. Baadaye mama akijua, atasema mtoto ameharibiwa na chuo. Chuo hakikuhusika. Nafasi aliyoiacha wazi mzazi ilipata mtu.

Sasa tuje kwenye masomo, maana hapo ndipo imani hii inapouma kimya kimya. Shuleni kijana alizoea kwamba mitihani yote ni mazoezi ya ule wa mwisho. Alifeli kidato cha tano, akakaza buti kidato cha sita, akafaulu. Chuoni hakuna mazoezi. Vyuo vyetu vingi hutenga alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na testi ya kwanza hufika kabla mwaka wa kwanza hajajua maktaba iko jengo gani. Piga hesabu. Shahada ya miaka mitatu ina mihula sita. Kijana akipata GPA ya 2.0 muhula wa kwanza, kisha azinduke na kupata 3.7 katika kila muhula wa mitano iliyobaki, kwa mzigo sawa wa masomo atamaliza na 3.4. Daraja la pili la juu huanzia 3.5. Atakuwa amesoma vizuri kwa miaka miwili na nusu, na wiki chache za Novemba na Desemba zitamfuata kwenye kila barua ya maombi ya kazi.

Na mzazi hatajua. Tangu darasa la kwanza alizoea kuletewa ripoti, na mwalimu mkuu alimwita mambo yakiharibika. Matokeo ya chuo hukaa kwenye akaunti ya mwanafunzi, nyuma ya neno la siri lake. Njia pekee ya mzazi kupata habari ni kinywa cha mtoto, na kinywa hicho tumekifunga wenyewe. Tazama simu yetu ya kawaida:

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chuo kinaendaje?"

"Kinaenda vizuri."

"Unakula?"

"Nakula."

"Haya, soma. Usituangushe."

Sekunde 20, na kila mmoja anakata simu akiamini ametimiza wajibu. Baba ameuliza maswali ambayo jibu lake alilitaja yeye mwenyewe, kisha akafunga kwa kitisho. Usituangushe! Kijana aliyefanyiwa dua ukoo mzima, aliyechangiwa nauli na wajomba, anayeitwa msomi wetu kabla hajamaliza hata wiki moja, atapata wapi ujasiri wa kusema baada ya simu kama hiyo kwamba somo la takwimu halielewi na fedha imeisha? Ataficha testi mbaya, kisha ataficha sapu, na akidisko ataficha na hilo. Ndiyo maana tunasikia visa vya wazazi wanaoendelea kutuma ada kwa mtoto aliyekwisha kuondolewa chuoni. Tukivisikia tunamlaani mtoto kwa uongo wake. Tujiulize pia ukweli angeupeleka kwa nani.

Najua hoja inayokuja: "Ukimfuatafuata unamlemaza. Atakua lini?" Hoja hiyo ina uzito, na wapo wazazi wanaostahili kuambiwa hivyo. Kuna baba anayempigia mkuu wa idara kudai alama. Kuna mama anayetaka nywila ya akaunti ya chuo, anayefika hosteli bila taarifa na kufungua begi. Huo ni upolisi, na matunda yake ni mtoto mjanja zaidi wa kuficha. Lakini kati ya polisi na mtoro kuna mzazi, na kazi yake katika muhula huu ina umbo linalojulikana.

Kwanza, agawe fedha. Anayetoa laki tatu zote siku ya safari amempa mtoto mtihani asioufundishwa. Zitaishia kwenye simu mpya na mikeka ya kubeti kabla ya testi ya kwanza. Atoe elfu hamsini, atume nyingine baada ya wiki mbili, na kila mara wazungumze ya kwanza ilikwendaje, bila kesi. Ifikapo Januari muda kati ya fedha na fedha urefushwe. Huko ndiko kukua, na kunafanywa na watu wawili.

Pili, kodi ya chumba iwe ya kwanza kwenye bajeti ya nyumbani, kabla ya suti ya mahafali ya kidato cha sita na kabla ya sherehe ya kumuaga. Nimeona familia zinazokodi turubai na spika kumsindikiza msomi, kisha msomi anakwenda kulala kwenye mkeka wa mtu.

Tatu, abadilishe maswali. "Leo mchana umekula nini?" halijibiwi kwa "nakula." "Testi inayofuata ni ya somo gani, lini?" "Kipi hujakielewa wiki hii, na umemuuliza nani?" "Unakaa na nani chumbani, kwao wapi?" Maswali haya hayahitaji shahada. Mama anayeuza mchicha Kariakoo, asiyejua GPA ni mdudu gani, anaweza kuyauliza vizuri kuliko profesa, kwa sababu anajua kusikia sauti ya mwanawe inapobadilika. Kwa hiyo isisemwe kwamba haya ni ya wenye nacho. Dakika za simu za wiki nzima ni nafuu kuliko soda moja.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi kwetu, amwambie mapema, kwa maneno yanayosikika: "Ukifeli somo, mimi niwe wa kwanza kujua, na sitakufokea." Kisha siku hiyo ikifika asifoke. Sapu si msiba. Mwanafunzi mwenye sapu hurudia mtihani, na wengi hufaulu na kumaliza salama. Kinachogeuza sapu kuwa kudisko mara nyingi ni aibu: kijana anakaa peke yake na siri, hamuulizi mhadhiri, hamtafuti mshauri wa wanafunzi, hajiandikishi kurudia kwa wakati.

Wapo watakaonirushia methali. Samaki mkunje angali mbichi, watasema, na huyu ameshakauka. Hapana. Kijana wa miaka 19 anayelala nje ya nyumbani bila kengele kwa mara ya kwanza maishani ni mbichi kuliko alivyokuwa kidato cha tatu. Asiyefunzwa na mamaye, wataongeza, hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli ulimwengu hufunza, lakini nao una ada, na ada yake haina mkopo wala mkupuo wa pili. Methali hiyo ilitungwa kumwonya mama atakayeacha kufunza. Sisi tumeigeuza ruhusa ya kuacha.

Utu uzima utakuja. Kijana atakayesimamiwa muhula wa kwanza atahitaji kidogo muhula wa pili, na mwaka wa tatu atakuwa anampigia mzazi simu kumuuliza yeye kama amekula. Siku moja mkopo wa Bodi utaanza kukatwa kwenye mshahara wake, asilimia 15 kila mwezi, na atajua utu uzima una bei gani. Hakuna haja ya kumharakisha kwa kumtelekeza. Mzazi anayetaka kustaafu ana haki yake. Lakini asubiri matokeo ya muhula wa kwanza yatoke, ayasikie kutoka kwa mtoto mwenyewe, mazuri na mabaya, ndipo aandike barua ya kustaafu.