Kazi ya Uhudumu wa Ndege si Kazi ya Starehe

Hapa Didia, kwenye barabara ya Shinyanga kwenda Tinde, kijana akiaga kwamba anaenda kuomba kazi mgodini, Bulyanhulu au Geita, nyumba nzima hunyamaza na mama huanza kumwombea. Dada yake akisema anataka kusomea uhudumu wa ndege, watu hucheka kwa furaha: umepata kazi nyepesi mwanangu, ya kupendeza, kutabasamu na kugawa soda. Nimeisikia kauli hiyo kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa wachimbaji wenyewe ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuitambua kazi ya hatari. Ni imani potofu, na kuna watu wanavunjika mifupa kwa sababu yake.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imetunza hesabu za majeruhi wa ndani ya ndege kwa miaka mingi. Kati ya 2009 na 2022, mashirika ya nchi hiyo yalikuwa na watu 163 walioumia vibaya kutokana na misukosuko ya hewa. Abiria walikuwa 34. Waliobaki, 129, walikuwa wafanyakazi wa ndege. Ndege ya abiria 150 huwa na wahudumu watatu au wanne tu, lakini katika kila majeruhi watano karibu wanne ni wafanyakazi. Mgodi wenye hesabu kama hiyo ungefungwa kesho asubuhi.

Sababu yake haina siri. Abiria ameketi, mhudumu amesimama. Anasukuma toroli ambalo likijaa linakaribia uzito wa gunia la mahindi, mkononi ana birika la maji ya moto, na kofia ngumu hana. Mara nyingi yuko nyuma kabisa, kwenye jiko la mkiani, na huko ndiko ndege inakorushwa zaidi. Ikishuka ghafla, yeye na toroli lake wanabaki juu. Sakafu ikirudi, inamkuta miguu haijajipanga. Ndiyo maana wahudumu wengi huvunjika vifundo vya miguu. Wengine huumia uti wa mgongo, wengine huungua.

Kuna wanaosema: taa ya mkanda ikiwaka, si naye akae? Tazameni yaliyotokea tarehe 21 Mei 2024 kwenye ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London. Ilikuwa juu ya Myanmar, kifungua kinywa kikiandaliwa. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Singapore inaeleza kwamba rubani mmoja alisikika akisema taa ya mkanda imewashwa. Zikapita sekunde 8. Kisha, ndani ya sekunde 0.6, kila asiyefunga mkanda akanyanyuliwa hewani, na sekunde 4 baadaye walikuwa wameshabwagwa chini. Ndege ilishuka mita 54 tu. Abiria mmoja wa miaka 73 alifariki na makumi ya watu wakajeruhiwa. Katika sekunde 8 mhudumu afunge breki za toroli, alirudishe jikoni, aweke birika, afike kwenye kiti chake, afunge mikanda ya mabegani? Haiwezekani.

Wala hayo si ya mbali na sisi. Mvua za radi za Ziwa Victoria ni miongoni mwa kali zaidi duniani. Usiku hujikusanya juu ya maji, mchana huhamia nchi kavu. Mawingu yake yanaweza kufika futi 50,000, na ndege za ATR au Q400 zinazoruka huku kwetu mwisho wake ni futi 25,000. Rubani hawezi kupita juu yake. Hana budi kuyazunguka. Kiangazi nacho kina yake. Joto lile lile linaloinua visulisuli vya vumbi kwenye mbuga za Shinyanga ndilo linalozitikisa ndege alasiri zinapokaribia kutua.

Ajali ya ndege iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, iliyoua watu 19, tunaikumbuka kwa marubani wawili waliofariki na kwa mvuvi kijana aliyekimbilia majini. Wahudumu waliokuwamo ndani sijasikia mtu akiwaulizia habari. Kwa macho yetu walikuwa wa soda.

Madhara ya imani hii ni haya. Abiria anabonyeza kitufe kudai chai huku ndege ikitikisika, na akinyimwa anatishia kulalamika. Shirika linaogopa malalamiko, mhudumu anaogopa shirika, basi anasimama. Akiumia mgongo anameza dawa ya maumivu na kesho anapanda tena, maana hata yeye ameaminishwa kwamba kazi yake ni urembo. Lakini Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haikubagua: mfuko wake, WCF, ni wa mhudumu sawasawa na mchimbaji.

Wenzetu wameshaanza kubadilika. Baada ya mkasa ule wa Mei 2024, Singapore Airlines ilisitisha pia ugawaji wa chakula taa ya mkanda inapowaka, si vinywaji vya moto tu. Korean Air iliondoa tambi za maji ya moto daraja la kawaida kuanzia Agosti 2024, na kwenye safari ndefu huduma zake sasa zinakoma dakika 40 kabla ya kutua.

Sisi tunangoja nini? Safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam haifiki saa mbili, na hakuna atakayedhurika kwa kukosa chai. Mashirika yetu yaweke kanuni: wingu likionekana kwenye rada, rubani awaketishe wahudumu kwanza, mapema, kabla hata ya kuwasha taa ya abiria, na maji ya moto yasitoke jikoni siku za mvua za ziwani. OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, na mamlaka ya anga waikague kanuni hiyo kama wanavyokaguliwa wenye migodi. Na itangazwe kwenye kipaza sauti kabla ya kuruka, kwa sauti ya rubani mwenyewe, ili abiria akinung'unika asimnung'unikie dada aliyeshika birika.