UKURASA WA NYUMBANI: Paka mwenye sukari na daftari la mlangoni

 Sisi walimu wenu wa kujitolea tu wazima. Chaki ni kidogo lakini sauti bado tunazo.

Mwezi huu tulikuwa tumewaahidi habari za kuku. Kuku watusamehe, wasubiri kidogo, maana umetujia ujumbe ambao tukiuacha tutakuwa tumewanyima kitu.

Mnamkumbuka yule dada aliyekuwa akitusaidia kufundisha watoto wadogo nyimbo, ambaye familia yake ilisafiri kwenda Marekani mwaka 2016? Yuko Kentucky. Anafanya kazi ya kumtunza mama mmoja mzee nyumbani kwake: kupika, kufua, kumkumbusha dawa. Na mama huyo ana paka. Dume, amehasiwa, ana miaka 13, kilo zake 7, hatoki nje, kazi yake ni kula na kulala dirishani. Paka huyo ana ugonjwa wa sukari. Ndiyo, sukari hii hii tunayoijua kwa watu. Anachomwa insulini mara mbili kwa siku, saa 1 asubuhi na saa 1 jioni.

Tulipowasikilizisha wanafunzi ujumbe wake kwenye simu, darasa zima lilicheka. Halafu kijana mmoja wa nyuma akauliza bila kucheka: "Mwalimu, yaani paka anapata insulini, na bibi yetu anapanga foleni?" Darasa likanyamaza. Na sisi tukanyamaza. Swali hilo tutalirudia, tusilikimbie.

Ilivyotokea

Dada anasema mwanzoni hata yeye aliona ni mchezo wa wazungu. Lakini alifundishwa na daktari wa wanyama, akazoea. Paka anakula kwanza, ndipo anachomwa sindano ndogo kwenye ngozi iliyolegea. Dozi yake ni yuniti 2 tu, yaani tone dogo sana.

Asubuhi moja alifika, akaweka chakula, paka akala, akamchoma kama kawaida. Kumbe yule mama mzee alikuwa ameamka mapema, ameshamchoma, na amesahau kusema. Paka akapata dozi mbili.

Kufika saa 5 hivi paka akaanza kuyumba kama mlevi. Miguu haina nguvu, macho yanatazama lakini hayaoni, mwili unatetemeka. Dada anasema moyo wake ulikwenda mbio, akaona kazi imekwisha, na ile pesa anayotuma kwa mama yake huku imekwisha. Lakini alikumbuka alichofundishwa: sukari imeshuka. Akachukua asali, akaipaka kidogo kidogo kwa kidole kwenye ufizi wa paka. Hakumwagia kooni, maana mnyama aliyelegea anaweza kupaliwa akafa. Paka alipoweza kumeza, akampa chakula. Huku simu iko sikioni, anaongea na daktari. Wakampeleka siku ile ile, kwa sababu asali inasaidia dakika chache tu, lakini insulini iliyo mwilini inaendelea kufanya kazi saa nyingi.

Paka alipona. Dada hakufukuzwa. Alikwenda kununua daftari, akalifunga kwa kamba kwenye mlango wa friji. Kila anayemchoma paka anaandika tarehe, saa, amekula au hajala, yuniti ngapi, na jina lake. Asiyeandika hachomi. Na ukitaka kuchoma, unasoma kwanza.

Sukari kwa paka ni nini?

Tumesoma na tumeuliza, tunawaeleza kwa kifupi.

Ndani ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kinatoa insulini, na insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari iliyo kwenye damu iingie mwilini iwe nguvu. Insulini ikipungua, au mwili ukiacha kuisikia, sukari inajaa kwenye damu huku mwili una njaa. Kwa paka, ugonjwa huu unawapata zaidi wazee, wanene, madume waliohasiwa na wale wasiotoka nje.

Dalili zake ni hizi: anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakula sana na bado anakonda. Wengine miguu ya nyuma inalegea mpaka wanatembea kwa visigino. Wazee wetu walijua dalili moja hata kabla ya mashine: sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo, kuna sukari.

Paka mzima sukari yake ni kama 80 mpaka 150. Ikishuka chini ya 60 ni hatari. Lakini paka akiogopa tu, kwa mfano akishikwa na watu asiowajua, sukari yake inaweza kupanda sana bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo daktari hasemi "ana sukari" kwa kupima mara moja tu. Nyumbani wanampima kwa tone la damu la sikio.

Chakula nacho ni dawa. Paka ni mla nyama. Hata ulimi wake hausikii utamu. Chakula chenye nyama nyingi na unga kidogo kinamsaidia, na wapo paka ambao wakitibiwa mapema wanafikia kuacha insulini kabisa. Dada anatuambia pia kuna kidonge kilichoruhusiwa Marekani mwezi wa 12 mwaka 2022 kwa paka wengine ambao hawajaanza insulini, lakini huyu wake ameshazoea sindano.

Jambo moja zaidi, nalo ni kubwa. Insulini ziko za nguvu mbalimbali. Nyingi za binadamu zina yuniti 100 katika mililita moja, na baadhi za wanyama zina yuniti 40. Kila moja ina bomba lake la sindano. Ukichanganya bomba, umekosea dozi hata kama umesoma mstari vizuri.

Turudi kwa lile swali

Kwa nini paka wa huko anapata na bibi wa hapa anasubiri? Hatuna jibu la kuwafurahisha. Mwenye pesa anamtibu paka wake, na asiye na pesa anasubiri gari la dawa. Ndivyo dunia ilivyo, na haiwi haki kwa sababu tumeizoea. Kijana yule hakukosea kuuliza.

Lakini tulimwambia kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Hata sisi binadamu, dawa hii tuliipata kupitia wanyama. Mwaka 1889 madaktari wawili, Joseph von Mering na Oskar Minkowski, walimtoa mbwa kongosho katika mji wa Strasbourg. Mbwa akaanza kukojoa ovyo, na mkojo wake ulikuwa na sukari. Hapo ndipo watu walipojua kongosho linahusika na ugonjwa wa sukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best wakafanya majaribio kwa mbwa mpaka wakapata insulini. Mwezi wa kwanza mwaka 1922 ikachomwa kwa mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakaribia kufa. Akapata nafuu na kuishi miaka mingine. Na kwa miaka mingi baadaye insulini ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe.

Kwa hiyo wanyama walitangulia kutoa. Sasa somo la paka wa Kentucky nalo limetufikia huku, na limefika siku yake.

Bibi wa jirani yetu

Kwenye mtaa wetu kuna bibi mwenye sukari. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo wajukuu wawili ndio wanaomchoma, msichana wa darasa la 7 na kaka yake. Tumeomba ruhusa kwake kuandika, akasema andikeni, labda itamsaidia mwingine.

Tangu chakula kilipopunguzwa mwaka 2023, ziko siku nyumba hiyo inapika mara moja. Siku moja uji ulichelewa. Kijana akamchoma bibi kwa saa ile ile ya kila siku, kama alivyofundishwa, akaenda kuchota maji. Aliporudi akakuta bibi anatoka jasho jingi, anatetemeka, anamwita kwa jina la mtoto wake aliyebaki nyumbani Kongo. Majirani wakasema ni mapepo. Wengine wakaanza kuomba.

Yule msichana alikuwa darasani siku ile ya ujumbe. Akasema, "Hapana, ni kama paka!" Akakimbia kwa jirani kuomba sukari, akakoroga kwenye maji, bibi akanywa polepole. Baada ya robo saa akawajua watu. Wakampa uji, halafu wakampeleka kituo cha afya.

Jamani, kuombea mgonjwa si vibaya. Lakini omba huku sukari iko mkononi.

Siku ya pili tulimpelekea daftari. Limefungwa kwa kamba mlangoni, na kalamu yake.

Tunalojifunza, kwa paka na kwa bibi

1. Sukari iliyopanda inaua polepole, iliyoshuka inaua haraka. Ukiwa na mashaka na mgonjwa anayetumia insulini, na huna kipimo, mpe kitu kitamu. Huwezi kumwumiza kwa kijiko cha sukari.

2. Hakikisha chakula kipo kabla ya kuchoma sindano. Kama chakula hakipo au mgonjwa anatapika, usichome dozi ile ile kimya kimya. Uliza kituo cha afya kwanza. Tena uliza leo, kabla siku hiyo haijafika: "Siku tusipokuwa na chakula, tufanye nini?" Lakini usiache insulini kabisa kwa siku nyingi, nayo ni hatari.

3. Hukumbuki kama umechoma? Usirudie. Ngoja saa inayofuata, au uliza.

4. Mtu anayeweza kumeza: vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji kidogo. Ngoja dakika 15. Hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale.

5. Mtu aliyezimia: usimmwagie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize kituoni.

6. Angalia mashine inahesabu vipi. Mashine nyingine inaandika 70, nyingine inaandika 3.9, na ni kitu kile kile. Kwa mtu, chini ya hapo sukari imeshuka.

7. Insulini haipendi joto wala barafu. Asiye na friji aweke chupa kwenye mfuko mkavu ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kingine, katikati mchanga wenye maji, kivulini.

Maswali yenu

*Paka wetu hapa wanapata sukari?* Ni mara chache. Paka wetu ni wembamba, wanakimbiza panya usiku kucha. Ya kwao ni minyoo, vidonda, na sumu ya panya. Ukiweka sumu, panya akala, na paka akamla panya, umempoteza na paka. Lakini paka mzee akianza kunywa maji kupita kawaida, mwambie daktari wa mifugo akija. Yaweza kuwa sukari, yaweza kuwa figo.

*Paka akiumwa nimpe Panadol?* Hapana, hata nusu. Dawa hiyo kwa paka ni sumu, kidonge kimoja kinaweza kumwua.

*Mtoto ameng'atwa na paka wa njiani. Tuweke majivu?* Hapana. Kichaa cha mbwa kinapita kwa paka pia. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Ugonjwa huo ukishaanza kuonekana, karibu hakuna anayepona. Na siku ya chanjo ya wanyama ikitangazwa, peleka mbwa na paka wote.

Kazi ya nyumbani

Watoto, wiki hii kila mmoja amwangalie mgonjwa mmoja au mnyama mmoja wa nyumbani kwa siku 7. Andika: amekunywa maji kiasi gani, amekula nini, amekojoa mara ngapi, amelalaje. Paka hawezi kusema anaumwa wapi. Na bibi zetu wanaweza kusema lakini hawasemi, hawataki kutusumbua. Ndiyo maana tunaandika.

Mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani na hana daftari, apite shuleni baada ya saa 8 mchana. Daftari si nyingi, ila kwa kazi hii tutakata moja mara mbili.

Dada yetu wa Kentucky, tumekusikia. Msalimie paka. Bibi naye anakusalimu, anasema hajawahi kupata mwalimu mwenye mkia.

Tuonane mwezi ujao, na kuku wao.

Ni sisi walimu wenu.