Vitufe Havitungi Wimbo

Makala moja imedai kwamba prodyuza wa muziki wa dansi si mwanamuziki: anabonyeza vitufe, anainua mikono, anakunja pesa rahisi. Mfano uliotolewa ni Avicii. Kwa hoja hiyo, mfano mbaya kuliko huo ni vigumu kuupata.

Avicii, jina lake halisi Tim Bergling, mzaliwa wa Stockholm, alianza kutunga chumbani kwake kwa programu ya FL Studio. Programu hiyo wanayo maelfu ya vijana duniani. Lakini "Levels", wimbo wake wa mwaka 2011, ni mmoja tu. Tofauti iko kwenye sikio linalojua melodi ipi ibaki na ipi itupwe.

Machi 2013, katika tamasha la Ultra mjini Miami, alipandisha jukwaani wapiga ala halisi, banjo ikiwemo, na Aloe Blacc akaimba "Wake Me Up". Mashabiki waliotaka midundo mizito walinuna. Miezi michache baadaye wimbo huohuo ukashika namba moja Uingereza na kwingineko. Mbonyeza vitufe angecheza walichozoea, achukue chake, aondoke.

Na hizo pesa rahisi? Hazikuwa rahisi. Mwaka 2014 alifanyiwa upasuaji, akatolewa kifuko cha nyongo na kidole tumbo. Mwaka 2016 aliacha ziara, si studio. Alifariki Muscat, Oman, 20 Aprili 2018, akiwa na miaka 28. Nyimbo alizokuwa akizitunga zilikamilishwa na wenzake, zikatoka Juni 2019 katika albamu "TIM". Mwandishi aisikilize kwanza, ndipo aandike tena.