Ukisaini, Toka na Nakala Yako

Desemba 2023, Shohei Ohtani, yule Mjapani wa besiboli kule Marekani, hakuwa na timu. Mkataba wake na Los Angeles Angels ulikuwa umeisha, kwa hivyo alikuwa mchezaji huru. Akasaini Los Angeles Dodgers: dola milioni 700 kwa miaka 10. Lakini sikia hii. Alikubali alipwe milioni 2 tu kwa mwaka, na zile 680 zingine azipokee kuanzia 2034 hadi 2043. Yaani msee amekubali mwenyewe kucheleweshewa mshahara!

Huku Eastlands mchezaji wa ligi hahitaji kukubali. Atacheleweshewa tu. Tofauti ni kwamba ya Ohtani imeandikwa, mwaka kwa mwaka, na karatasi anayo.

Jirani yangu Kayole ni winga, mbio zake si za kawaida. Alionekana kwenye Koth Biro, pale Ziwani, akaitwa na klabu ambayo sitaitaja. Alisaini juu ya boneti ya gari. Pesa za kusaini aliahidiwa nusu siku hiyo, nusu Januari. Karatasi ikaondoka na meneja wa timu. Januari ikapita, ikaja nyingine. Alipotaka kuhama ndipo akaambiwa amefungwa miaka mitatu. Yeye alijua ni mmoja. Sasa atabishana na nani, na ushahidi uko kwa kabati ya mtu mwingine?

Mimi si wakili, hata chuo sikumaliza, lakini kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji ziko kwa intaneti na zinasomeka. Klabu ikikosa kukulipa mishahara ya miezi miwili bila sababu halali, unaiandikia barua na kuipa angalau siku 15 ilipe. Ikikaa kimya, una haki ya kuvunja mkataba. Mkataba ukibakisha miezi sita au chini, uko huru kusaini na klabu nyingine. Na kama hujafika miaka 18, usikubali zaidi ya miaka mitatu, haitambuliwi. Lakini hesabu hizi zote zinaanzia kwa tarehe iliyo kwenye karatasi. Bila nakala, we ni wa kuomba tu.

Najua viongozi wa klabu watasema pesa hakuna. Ni kweli, mwaka 2019 SportPesa ilipojiondoa, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki zikihangaika, na hizo ndizo kubwa. Lakini kama una elfu kumi, andika elfu kumi. Kuandika elfu hamsini ukijua hutalipa si umaskini, ni uongo. Na uongo huo hurudi: Gor na Ingwe zote zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni. Anayeumia hapo ni pia shabiki aliyelipa tikiti yake.

FKF ingeanza na kitu kidogo tu: isipitishe usajili wowote hadi mchezaji aweke sahihi kwamba amepokea nakala yake, na malipo ya kusaini yawe na tarehe. Haihitaji mdhamini wala kamati.

Na wewe unayengoja dirisha lifunguliwe, usisaini siku hiyo hiyo. Omba uende nayo nyumbani. Wakikataa, piga picha kila ukurasa umtumie mathe kwa WhatsApp, halafu pigia chama cha wachezaji, KEFWA, uulize. Klabu inayokasirika kwa sababu umetaka kusoma imeshakuonyesha Januari yako itakuwaje.

Jirani yangu bado anafanya mazoezi Camp Toyoyo asubuhi, peke yake. Anangoja mkataba uishe, na hata tarehe hajui.