Busara bila msosi ni nusu Busara

Tangu 2004 Sauti za Busara imekuwa ikipigwa Unguja mwezi wa Februari, joto la kaskazi limekolea, na wanachuo tukienda tunahesabu wasanii tu. Mimi nasema nusu ya tamasha ni msosi.

Muziki Ngome Kongwe, ukivuka barabara tu uko Forodhani. Jioni meza zimejaa: mishikaki, pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ile pizza ya Kizanzibari inayokunjwa na nyama na yai ndani. Halafu urojo: bajia, viazi, kachori, uchachu wa embe, pilipili, vyote bakuli moja. Jasho linakutoka, ngoma inalia!

Sasa mtu anapanda boti toka Dar aje kula chipsi mayai! Si zipo hata nje ya hosteli?

Boom dogo, najua. Uliza bei kabla hujala. Ila tiketi umelipa bila kunung'unika, usije ukamlalia muuza urojo kwa shilingi mia tano. Naye ni msanii, tena hana mfadhili.

Nawasilisha. Wewe ungeanza na nini?