Rangi Iwe ya Shule, Sweta Liwe la Mtoto

Mwezi Februari, Dar es Salaam ikiwa katikati ya msimu wake wa joto kali, shule moja ya sekondari jijini ilitangaza mstarini kwamba sweta ni sehemu ya sare na litavaliwa tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Atakayelivua darasani ataandikwa jina. Atakayelifunga kiunoni ataitwa kwa mwalimu wa nidhamu pamoja na mzazi wake. Siitaji shule hiyo, maana kuitaja kungewafanya wengine wajione wamesalimika, na wazazi wengi wa ukanda wa pwani wanalijua agizo la namna hii kwa sura yake moja au nyingine. Ni agizo baya. Nia njema ya aliyelitoa hailipunguzii ubaya.

Tuanze na kalenda. Mwaka wetu wa masomo huanza Januari. Fomu za kujiunga na kidato cha kwanza huwafikia wazazi siku chache kabla ya hapo, na ndani yake kuna orodha: mashati mawili, sketi au suruali, viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba, soksi, tai kwa shule zinazotaka, na sweta lenye nembo ya shule. Kwa hiyo mtoto wa Temeke au wa Tanga mjini anaanza maisha ya sekondari katika miezi ambayo joto la mchana hufika nyuzi 32 na kupita, hewa ikiwa imejaa unyevu wa bahari. Unyevu huo ndio wenye kudhuru zaidi. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikishalowa, jasho halikauki, linatiririka tu. Juu ya jasho hilo mvalishe mtoto sweta la nyuzi za plastiki, kisha mkalishe na wenzake zaidi ya hamsini chini ya mabati yasiyo na dari, kipindi cha hisabati, saa nane mchana.

Nyanda za juu kuna kioja cha upande wa pili. Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto: Juni na Julai asubuhi mtoto hutoka nyumbani akitoa mvuke mdomoni. Mzazi amemnunulia jaketi zito la mitumba, zuri, la bei anayoimudu. Afikapo getini anavuliwa, kwa kuwa ni jekundu na sweta la shule ni la kijani. Sweta hilo la kijani ni jepesi kiasi kwamba upepo wa Makete unapita ndani yake. Mtoto anaingia darasani akitetemeka, na kiranja anaondoka na jaketi. Pwani anakatazwa kuvua, bara anakatazwa kuvaa.

Wanaotetea ukali huu wana hoja zao, nami nitazitaja. Sare huficha pengo kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini. Humtambulisha mwanafunzi barabarani, na kondakta wa daladala akiiona anajua anayepanda ni wa nauli ya shilingi 200. Humzoeza kijana kufuata utaratibu. Yote haya nayakubali, na sijamsikia mzazi hata mmoja akidai sare ifutwe. Lakini hoja hizi zinatetea sare. Hazigusi swali la kumkataza mtoto kuvua sweta. Kondakta anaitambua sare kwa shati na nembo yake. Usawa kati ya tajiri na maskini hauongezwi na sweta linalouzwa mahali pamoja tu, kwa bei isiyo na mjadala, unapunguzwa. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, lakini sare ilibaki mgongoni kwa mzazi. Na sare peke yake inatosha kumweka mtoto nyumbani: utafiti uliofanywa katika shule za msingi magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa watoto waliopewa sare bure walipunguza utoro kwa zaidi ya theluthi moja. Kila kipande kinachoongezwa kwenye orodha ya lazima ni sababu nyingine ya mtoto maskini kurudishwa getini, na anayekiongeza kwa jina la usawa ametuambia jambo lisilo kweli.

Nidhamu nitairudia baadaye kidogo. Kwanza kuna jambo ambalo kwangu linamaliza mjadala, nalo ni hili: sare inaweza kufanana, miili haifanani. Hakuna mwalimu wa zamu anayeweza kusimama mbele ya wanafunzi mia sita akajua nani anasikia joto, nani baridi, nani anaumwa. Anayejua ni mwenye mwili.

Mfikirie mtoto mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu duniani. Zaidi ya watoto 10,000 huzaliwa nao hapa kila mwaka. Baridi ni mojawapo ya vitu vinavyochochea maumivu yake makali, yale yanayomlaza mtoto kitandani akilia kwa mifupa. Upungufu wa maji mwilini, unaoletwa na jasho jingi, ni kichocheo kingine. Maana yake ni kwamba mtoto huyu anaumizwa na kanuni ya Njombe na anaumizwa na kanuni ya Dar es Salaam. Jaketi lake likichukuliwa getini saa moja asubuhi, jioni anaweza kuwa wodini.

Mfikirie mtoto mwenye ualbino. Adui yake ni jua, na kinga yake inajulikana: mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kukinga ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wataalamu wametengeneza mafuta ya namna hiyo mahususi kwa watu wenye ualbino, kwa sababu saratani ya ngozi inawaua wakiwa bado vijana. Kazi yote hiyo inafanyika, halafu shule inaagiza shati la mikono mifupi na kupiga marufuku kofia mstarini, ambako wanafunzi husimama juani wakisubiri matangazo yaishe.

Kisha mfikirie msichana yeyote mwenye afya yake, kwani tusidhani habari hii ni ya wagonjwa peke yao. Sweta analifunga kiunoni. Mwalimu wa nidhamu anaona uhuni, mtindo wa mjini, dharau. Mara nyingi ukweli ni kwamba amechafuka. Hedhi imemkuta darasani, sketi imeingia doa, taulo ya kike hana, na sweta ndilo kitu pekee kilicho karibu cha kumsitiri mpaka afike nyumbani. Shule inayomwandika jina kwa kosa hilo inamlazimisha achague kati ya kuadhibiwa na kuonekana na darasa zima. Wengi huchagua la tatu: hawaji shule siku hizo.

Na wapo wanaolivaa sweta Februari kwa hiari yao, hata jasho likiwatoka. Huyu shati lake jeupe limekuwa jepesi kwa kufuliwa na mwili wake umeanza kubadilika, anaona haya. Yule shati limechanika mgongoni na hana jingine. Kwa sababu hiyo sitaki shule za pwani zije na agizo la kinyume, kwamba sasa ni marufuku kuvaa sweta. Anayelihitaji abaki nalo, na hatudai atueleze kwa nini.

Hapo ndipo huwa naambiwa: kama ana tatizo aombe ruhusa, mbona tunatoa. Jibu hilo husikika la busara, na ni baya kuliko kanuni yenyewe. Kuomba ruhusa maana yake ni kijana wa miaka kumi na minne kusimama mbele ya mtu mzima, mara nyingi mwanamume, mara nyingi mwenye fimbo mkononi, wenzake wakisikiliza, na kueleza siri ya mwili wake. Aseme, nina selimundu. Aseme, nimeingia hedhi. Aseme, shati langu limechanika na mama hana hela. Baada ya kueleza yote hayo anaweza kukataliwa, au kuambiwa alete barua ya daktari ambayo gharama yake inazidi bei ya sweta. Na ruhusa akiipata, kuanzia hapo yeye ni yule aliye tofauti na wenzake mstarini, na kila mmoja anauliza sababu. Sare iliyowekwa ili mtoto asijulikane kwa udhaifu wake imemtangaza. Wengi hawaombi. Wanakaa na joto lao, au baridi yao, au doa lao, na mwalimu anaandika katika ripoti kwamba hawasikilizi darasani.

Kwamba joto huharibu masomo, ushahidi upo. Mwaka 2020 watafiti wanne wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa alama za wanafunzi wapatao milioni 10. Waliona kwamba katika shule zisizo na kiyoyozi, mwaka wa masomo ukizidi joto kwa digrii moja tu ya Farenhaiti, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu nyuzi ya Selsiasi, mwanafunzi hupoteza karibu asilimia 1 ya alichopaswa kujifunza mwaka huo. Nusu nyuzi! Sisi tunaongeza joto zaidi ya hilo kwa mkono wetu wenyewe, kwa kipande cha nguo kisichohitajika. Februari 2025 wenzetu wa Sudan Kusini walifunga shule nchi nzima kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuanguka kwa joto jijini Juba. Joto la pwani yetu halijafika huko, lakini anayedhani hali ya hewa itayafuata matakwa ya fomu za kujiunga haoni mvua na jua vinakoelekea.

Sasa nidhamu. Hapa subira yangu inakwisha. Mwalimu anayelisimamia agizo hili amevaa shati la mikono mifupi. Ofisini kwake pangaboi linazunguka. Akisikia baridi Julai, anatupia koti juu ya mabega na hakuna anayemuuliza ni la rangi gani. Anayafanya hayo kwa sababu ni mtu mwenye akili timamu, na nguo kwa mtu mwenye akili timamu ni kitu cha kuvaa na kuvua kulingana na hali. Kumnyima mtoto akili hiyo hiyo kisha kuiita nidhamu ni kumfundisha kwamba mkubwa akisema jambo lisilo na maana, kazi yako ni kutoka jasho na kunyamaza. Mtoto analielewa somo hilo haraka sana. Na msiniambie kwamba nyinyi mlivaa hivyo hivyo na hamkufa. Mliobaki ndio mnaosimulia. Walioacha shule kwa kuchoka kurudishwa getini hawakuitwa kwenye kikao.

Kenya mabishano ya mavazi na nywele shuleni yamefika mahakamani. Kesi ya hijabu katika shule ya Isiolo ilikwenda Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2016 iliwaruhusu wasichana kuvaa, kisha Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo Januari 2019. Septemba mwaka huo huo, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimpa ushindi msichana wa Kirasta aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake. Kesi hizo ni nzito na zinastahili uzito ziliopewa. Lakini mtoto anayesikia joto tu hana dini ya kusimama nyuma yake, hana chama, hana wakili. Dai lake linaonekana dogo, na kwa kuwa linaonekana dogo limeachiwa viranja waliamue.

Hata huko tulikoitoa desturi hii wamelegeza. Juni 2017, wavulana wa shule moja mjini Exeter, Uingereza, walikatazwa kuvaa kaptula wakati wa joto kali, wakaja shuleni na sketi, ambazo sare iliziruhusu. Shule ikaahidi kaptula. Julai 2022, joto lilipovuka nyuzi 40 nchini humo kwa mara ya kwanza, shule nyingi ziliwaambia wanafunzi waje na nguo za michezo. Waliotuletea tai na soksi ndefu wanazivua jua likiwaka siku chache kwa mwaka, nasi ambao jua linatuwakia miezi mingi tunazing'ang'ania.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu. Sioni kwa nini agizo la mstarini lisihesabiwe kuwa uamuzi. Wizara haihitaji kuunda tume wala kusubiri bajeti. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Shule iendelee kuamua rangi ya shati, ya sketi, ya suruali. Kuvua na kuvaa sweta, kufunga kiunoni, kuvaa jaketi la rangi yoyote kwenye baridi, kuvaa kofia juani, hayo yawe ya mwanafunzi bila kuomba ruhusa wala kutoa maelezo.

Na kama waraka utachelewa, wakuu wa shule hawana sababu ya kuungoja. Fomu za kujiunga za Januari ijayo wanaziandaa wao wenyewe. Sweta lihamishwe kutoka orodha ya vitu vya lazima, liandikwe chini, palipo na vitu ambavyo mzazi ananunua akipenda, na mwalimu wa zamu na viranja wapewe nakala ya fomu hiyo kabla hawajasimama getini siku ya kwanza.