Mali bila Daftari: Utaratibu wa Ghala Uandikwe

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwalimu huwafundisha watoto methali hiyo darasani, na mtumishi wa serikali huitaja katika hotuba zake. Lakini mkulima wa Karagwe au Kyerwa anapofikisha kahawa yake kwenye ghala la chama cha msingi, aghalabu hukuta kwamba daftari lipo, ila kanuni ya kulijaza haipo popote isipokuwa kichwani mwa karani.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Daftari huonyesha kilo ngapi zimepokewa; halionyeshi jinsi zilivyopatikana. Ni nani aliyehakikisha kwamba mizani imesimama kwenye sifuri kabla ya gunia la kwanza kupimwa? Uzito wa gunia tupu umetolewa au umesahauliwa? Kahawa ya maganda iliyokataliwa kwa unyevu ilipimwa kwa chombo, au ilitazamwa kwa jicho tu? Makato yaliidhinishwa na mkutano upi? Karani akiugua, akiacha kazi au akifariki, majibu ya maswali hayo huondoka pamoja naye, na mrithi wake hubuni utaratibu mpya kwa gharama ya wanachama.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo. Hesabu ya darasa la nne yatosha kuwajibu. Chama chenye wanachama 300, ambao kila mmoja huleta magunia 10, kikipunja kilo 1 tu kwa kila gunia, kilo 3,000 hupotea katika msimu mmoja. Hizo ni tani 3 za jasho la wakulima, zilizotoweka bila mwizi kuvunja kufuli.

Mkulima asiyeiamini mizani ya chama huwa windo jepesi la mlanguzi wa butura, ambaye huinunua kahawa ingali mtini, kwa bei ya kunyonya, wakati mwenyewe amebanwa na ada ya shule au ugonjwa. Mlanguzi mwingine huivusha mpaka kwa magendo kwenda Uganda. Ni kweli kwamba butura huzaliwa na shida ya fedha. Lakini hulelewa na mashaka juu ya chama. Doria na amri zina mahali pake, ila hakuna doria iwezayo kumrudishia mkulima imani.

Historia nayo inafundisha. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Katika misukosuko ya namna hiyo, ujuzi ulioandikwa huweza kurithiwa. Ule uliomo vichwani mwa watu hutawanyika pamoja nao. Leo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavitaka vyama vitunze hesabu na vikaguliwe. Hilo ni jema, lakini mkaguzi hufika makosa yakiwa yamekwisha kutendeka. Utaratibu uliobandikwa ukutani humlinda mkulima asubuhi ile ile anaposimama mbele ya mizani.

Watakuwapo wa kulalamika kwamba kuandika ni kuongeza urasimu, na kwamba wakulima wengine hawajui kusoma. Hoja hizo hazina uzito. Urasimu hustawi pale ambapo mwananchi hajui afuate njia ipi wala amwulize nani. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kusomwa kwa sauti katika mkutano mkuu, humfikia hata asiyejua kusoma. Tena humkinga karani mwaminifu, ambaye leo hana cha kuonyesha anapotuhumiwa. Yule anayepinga hana budi kuulizwa ananufaika na nini katika giza hilo.

Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Afisa ushirika na mwalimu wa kijiji wanaitosha. Kabla ya msimu kuanza, waandamane na karani tangu ghala linapofunguliwa hadi stakabadhi inapotolewa na malipo kufanywa. Kila hatua iandikwe: inafanywa na nani, inashuhudiwa na nani, na lifanyike jambo gani mizani ikiharibika au stakabadhi ikipotea. Kisha wanachama waijadili, waisahihishe na kuipitisha, na kila mwaka waitazame upya. Mwalimu anayewafundisha watoto methali ya daftari atakuwa ameifundisha kwa vitendo mbele ya wazazi wao.

Ushirika ni mali ya wanachama. Lakini chama ambacho kazi zake zinajulikana na mtu mmoja ni mali ya mtu huyo, hata kama rejista yake ina majina ya watu 300.